P0234 (kodi, yaani namba ya kosa, ya presha ya turbo kuzidi) kila nikipanda mlima na tela: turbo inazidi, au sensa inadanganya?

Mzigo Mzito
Wakuu, heshima kwenu. Nina pikapu ya dizeli, turbo yake (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) ni ile ya mapezi yanayojigeuza. Miezi minne iliyopita nilibadilisha programu ya kompyuta ya injini, nikafunga ekzosi pana na njia kubwa ya kuingizia hewa. Nguvu nilizozitaka nikazipata. Sasa wiki ya pili hii, nikikanyaga mafuta mlimani na tela nyuma, taa ya injini inawaka na gari linakufa nguvu kama halina turbo kabisa. Nikizima na kuwasha, linarudi sawa.

Kinachonichanganya, geji ya presha ya turbo kwenye dashibodi inasoma bar 1.9, mashine ya kusomea kodi inasema 290 kPa. Nishike ipi? Kuna mtu amenishauri nifunge kirezista (kifaa kidogo cha kupunguza umeme) kwenye waya wa sensa ya presha ili kompyuta isione presha ikizidi. Nifunge?

Kasi Tano
Funga mkuu. Mimi nimefunga, mwaka mzima taa haijawaka.

Fundi wa Turbo
Mzigo Mzito, nakuomba usifunge. Niliwahi kuletewa injini yenye kirezista hicho. Kompyuta ilikuwa inaona presha ndogo kuliko iliyopo, ikazidi kuagiza presha. Shafti ya turbo ikakatika, oili ikaingia njia ya hewa, injini ikaanza kuchoma oili yake yenyewe. Mwenyewe alitoa ufunguo, injini ikaendelea kupanda mizunguko. Kilichomwokoa ni kipande cha ubao alichozibia mdomo wa hewa. Taa kutowaka si dalili ya uzima.

Geji na mashine vyote viko sawa. Mashine inahesabu pamoja na presha ya hewa tunayoivuta, ambayo usawa wa bahari ni kama 101 kPa. Itoe kwenye 290, unapata 189, na kwa kuwa kPa 100 ni bar 1, ndiyo bar 1.9 yako. Jambo hili ni muhimu kwako: kama sensa yako ni ya bar 3, mwisho wake kwenye geji ni karibu bar 2. Ukipita hapo kompyuta haioni tena. Umebakiza kidogo sana.

Halafu P0234 si namba moja ya hatari kwa magari yote. Kompyuta inaagiza presha, sensa inarudisha jibu. Jibu likizidi agizo kupita kiasi na kwa muda uliowekwa, kodi inaandikwa na mafuta yanabanwa. Kwa hiyo bar 1.9 peke yake hainiambii kitu. Rekodi agizo na presha halisi kwa pamoja ukiwa unapanda. Na je, inakata pale pale unapokanyaga, au baada ya kushikilia mguu?

Mzigo Mzito
Nimerekodi leo. Pale pale nikikanyaga: agizo 240, halisi 288. Nikifanikiwa kupita hapo bila kukata, tofauti inabaki 5 tu hadi juu.

Fundi wa Turbo
Basi sensa ni nzima. Mapezi yanachelewa kufunguka. Masizi yakiganda yanakwama upande wa kufunga, moshi unapigwa kwa nguvu kwenye gurudumu la turbo, presha inaruka kabla kompyuta haijaiwahi. Na hiyo ekzosi pana inachangia: moshi unatoka kwa urahisi, turbo inaamka haraka kuliko programu inavyotegemea. Sukuma mkono wa turbo (ule unaogeuza mapezi) kwa pampu ya vakyumu, injini ikiwa imezimwa. Unatakiwa uende na kurudi laini, bila kushtuka. Ukikwama, fungua usafishe, ila ile skrubu ya kuzuia mkono usiiguse kabisa. Ikishasogezwa, kuirudisha mahali pake bila vipimo ni kubahatisha.

Kasi Tano
Fundi, mwaka mzima sijawahi kulinganisha agizo na halisi. Nakitoa leo.

Mzigo Mzito
Mrejesho. Mkono ulikuwa unashtuka katikati ya safari yake. Tumefungua, masizi yamejaa nyuma ya pete ya mapezi. Tumesafisha, skrubu haikuguswa. Aliyeniwekea programu amepunguza mafuta ya mwanzo wa kukanyaga na kushusha kikomo cha presha hadi bar 1.7. Jana nimepanda na tela lile lile: agizo 240, halisi 246. Mlimani nimepungukiwa nguvu kidogo, nimeridhika. Asante sana fundi.