Notisi iliyobandikwa mlangoni kwa Dada

Dada: Shikamooni wakubwa wangu, na nyinyi wengine habari za jioni. Nimerudi kazini nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, ina muhuri wa idara ya majengo, na nimeisoma mara tatu bila kuambulia zaidi ya jina langu. Kichwa chake ni "Notisi ya Ukiukaji", kisha zimepangwa namba R105.1, R310.1 na R314.3, na mwisho nimetakiwa "kuondoa ukiukaji ndani ya siku 30". Tangu ninunue nyumba hii miezi 8 iliyopita sijajenga hata tofali moja.

Kaka: Dada, usijitie presha. Hizo ni faini tu. Wapelekee hela yao, chukua risiti, mambo yaishe.

Dada: Nimetafuta kiasi cha faini sijakiona popote.

Mjomba: Marahaba, mpwa wangu. Hukukiona kwa sababu hakimo, na hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Nilifanya ukaguzi wa majengo miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiandika kirefu. Notisi ya ukiukaji si faini. Ni taarifa kwamba mkaguzi ameona jambo lisilolingana na kanuni, na kwamba umepewa muda wa kulirekebisha. Faini huja baadaye, muda ukipita bila wewe kufanya lolote, na hata ukiilipa, ukiukaji wenyewe unabaki palepale kwenye kumbukumbu mpaka mkaguzi arudi, aone marekebisho na kulifunga jalada. Nimewahi kuwaona watu wenye risiti za faini za miaka mitatu mfululizo kwa kosa lile lile, kila mmoja akiamini kwamba alishamaliza deni lake.

Kaka: Basi nimejifunza, Mjomba.

Binamu: Mimi nimeshazitafuta hizo namba mtandaoni. R310 ni ving'amuzi vya moshi, kwa hiyo Dada anunue viwili avifunge leo usiku. Sioni kwa nini namba nyingine, R314, imeongezwa.

Mjomba: Umesoma toleo la mwaka gani, mwanangu?

Binamu: La 2024, ndilo jipya.

Mjomba: Sasa Dada atazame maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza, atuambie yametajwa nini.

Dada: Imeandikwa "International Residential Code, toleo la 2021, pamoja na marekebisho ya mji".

Mjomba: Ndiyo maana mimi husoma notisi kuanzia chini. Kanuni hiyo ya nyumba za kuishi hutungwa na International Code Council, shirika la Marekani la kanuni za ujenzi, toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, na tangu hapo hutolewa toleo jipya kila baada ya miaka 3. Ni kanuni ya mfano tu. Haina nguvu ya sheria mpaka mamlaka ya eneo iipitishe, na mamlaka ina uhuru wa kupitisha toleo la zamani, kupunguza vipengele au kuongeza vyake. Katika toleo la 2024 sura ya 3 ilipangwa upya, ndiyo sababu Binamu ameona ving'amuzi vya moshi chini ya R310. Katika toleo la 2021, ambalo ndilo linalomhusu Dada, R310 ni dirisha au mlango wa kujiokolea wakati wa moto, na ving'amuzi vya moshi viko R314. Angefuata toleo lisilo lake, angefunga ving'amuzi, akalala kwa amani, na kosa kubwa kuliko yote lingebaki bila kuguswa.

Binamu: Nimenyamaza.

Mjomba: Usinyamaze, kosa lako limetusaidia. Kuhusu kuzisoma namba zenyewe: herufi R inahusu jengo lenyewe na utawala wake, M ni mitambo ya joto na hewa, P ni mabomba, E ni umeme. Tarakimu ya kwanza katika R310 ni sura ya 3, yaani mpangilio wa jengo. R105 iko sura ya 1, yenye mambo ya utawala, na R105.1 ndiyo inayodai kibali kabla ya kujenga, kupanua, kubadilisha au kubomoa. Kwa hiyo, bila hata kufika nyumbani kwako, karatasi hii inaniambia hadithi nzima: kuna mtu alitengeneza chumba cha kulala bila kibali, chumba hicho hakina njia ya kujiokolea, wala hakina king'amuzi cha moshi. Je, una chumba cha chini ya ardhi?

Dada: Ninacho, Mjomba. Ndicho chumba cha mwanangu mkubwa. Aliyeniuzia alikwishakitia zulia, kabati la ukutani na taa nzuri, nami nilikihesabu kuwa chumba cha 4.

Shangazi: Hapo sikubaliani nao kabisa. Nyumba hiyo ilijengwa miaka ya 1970, na Mjomba mwenyewe amesema kanuni hiyo ilianza mwaka 2000. Wanawezaje kumhukumu mtu kwa sheria ambayo haikuwepo nyumba ilipojengwa?

Mjomba: Shemeji, hilo ni swali la wakili, na kwa nyumba yenyewe uko sahihi. Jengo lililokuwa halali siku lilipojengwa huendelea kuwa halali hata kanuni zikibadilika. Kwa kawaida hakuna anayelazimishwa kubomoa ngazi zake kwa sababu tu vipimo vipya vimetoka. Lakini kinga hiyo hulilinda jengo kama lilivyokuwa. Mtu akigeuza stoo kuwa chumba cha kulala, amefanya kitu kipya, na kitu kipya hupimwa kwa kanuni inayotumika siku kilipofanywa. Ndiyo maana nitamshauri Dada aombe idarani jalada la nyumba: vibali vyote vilivyowahi kutolewa, ramani zilizoidhinishwa, na cheti cha ukaaji kama kipo. Cheti cha ukaaji ni hati inayothibitisha kwamba jengo lilikaguliwa na kuruhusiwa kutumika kwa namna fulani. Nyaraka hizo zikionyesha kwamba chumba kile kiliidhinishwa zamani kuwa cha kulala, notisi inaweza kupingwa. Zikionyesha stoo, hakuna cha kupinga.

Dada: Lakini kosa ni la aliyeniuzia. Kwa nini jina lililoandikwa ni langu?

Mjomba: Kwa sababu ukiukaji hufuata nyumba, haumfuati mtu. Idara humwandikia yule anayeimiliki leo. Unaweza kumdai muuzaji ikiwa alificha jambo alilotakiwa kulitaja, ila hayo ni kati yako, yeye na mwanasheria wako, na hayasimamishi siku zako 30 hata kwa dakika moja. Sasa chukua tepu ya kupimia, shuka chini, unipimie dirisha.

Dada: Nimeshapima. Dirisha lina upana wa milimita 1,200 na urefu wa 600. Naona ni kubwa la kutosha.

Mjomba: Hapo umepima kioo na fremu. Lifungue mpaka mwisho, halafu upime tundu linalobaki, yaani nafasi ambayo mwili wa mtu unaweza kupita. Kisha upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa tundu hilo.

Dada: Ni dirisha la kusukuma upande, kwa hiyo linafunguka nusu tu. Tundu lina upana wa 560 na urefu wa 540. Kutoka sakafuni hadi ukingo ni 1,240.

Mjomba: Vizuri. Kanuni inataka tundu lenye upana usiopungua milimita 508, na urefu usiopungua 610, na ukingo usiozidi 1,118 kutoka sakafuni. Juu ya hayo, eneo la tundu lisipungue mita za mraba 0.53, isipokuwa kwa madirisha yaliyo usawa wa ardhi au chini yake, ambako inaruhusiwa takriban 0.46. Lako lina 0.30. Limefaulu upana peke yake.

Binamu: Mjomba, nimezidisha 508 kwa 610 nikapata karibu 0.31 tu. Ina maana dirisha lenye vipimo vya chini vyote viwili bado litafeli eneo?

Mjomba: Hasa! Umejikomboa. Mafundi wengi huangukia hapo: hutimiza upana wa chini, hutimiza urefu wa chini, kisha hushangaa mkaguzi anapokataa. Masharti hayo hutimizwa yote kwa pamoja. Vipimo hivi vina sababu, kwa maana tundu lazima limtoshe zimamoto aliyevaa mavazi kamili na mtungi wa hewa mgongoni, akiingia wakati mtu wa ndani hajiwezi. Na kwa dirisha la chini ya ardhi, shimo la nje linalolizunguka liwe na angalau milimita 914 kwa upana na kwa kina cha kutoka ukutani, na likizama zaidi ya 1,118 liwekewe ngazi ya kudumu.

Kaka: Ninamfahamu fundi mzuri wa zege. Naweza kumleta Jumamosi apanue ukuta kabla mkaguzi hajarudi.

Mjomba: Tafadhali usimlete. Kukata ukuta wa msingi bila kibali ni R105.1 kwa mara ya pili, safari hii kwa jina la Dada mwenyewe, na mkaguzi akipita atabandika amri ya kusimamisha kazi. Amri hiyo ni nzito kuliko notisi, kwa sababu kuanzia inapobandikwa hakuna anayeruhusiwa kugusa nyundo isipokuwa kwa kazi ambayo amri imeielekeza. Utaratibu ni huu: Dada apige simu kwa mkaguzi aliyesaini notisi, amweleze kwamba ameipokea na anataka kurekebisha, kisha aombe kibali cha kazi iliyokwishafanyika pamoja na kibali cha dirisha jipya. Ajue mapema kwamba mkaguzi anaweza kutaka sehemu ya ukuta ifunguliwe ili aone nyaya zilizofichwa, kwani hawezi kuidhinisha asichokiona.

Shangazi: Na siku 30 zikiisha kabla dirisha halijafika?

Mjomba: Aombe nyongeza kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, aambatanishe ombi la kibali na oda ya dirisha. Kwa uzoefu wangu, mkaguzi anayeona kazi inasonga huongeza muda; anayekuta ukimya huandika faini. Faini ikikaa bila kulipwa, katika mamlaka nyingi husajiliwa kama dai juu ya nyumba yenyewe, na dai hilo hujitokeza siku unapotaka kuuza au kukopa. Pia atafute kwenye notisi sehemu ya rufaa. Muda wa rufaa aghalabu ni mfupi kuliko muda wa kurekebisha, na watu huuchanganya.

Dada: Nimeuona. Rufaa ni siku 14. Nisingeuona kamwe, umeandikwa nyuma ya karatasi.

Shangazi: Naomba kuingiza jambo langu hapa hapa. Nyuma ya nyumba nina kibanda cha vifaa cha mita za mraba 12, na jirani ananitishia kwamba hakina kibali.

Mjomba: Chini ya kanuni hii ya mfano, kibanda cha ghorofa moja kilichosimama peke yake na kisichozidi mita za mraba 18.58 hakihitaji kibali cha ujenzi, ingawa mamlaka yako inaweza kuwa imeshusha kiwango hicho. Lakini kusamehewa kibali si kusamehewa kanuni. Kibanda kisichohitaji kibali bado kinatakiwa kukaa umbali uliowekwa kutoka mpaka wa kiwanja, na kisisimame juu ya ukanda wa ardhi ambao wengine wana haki ya kuupitishia bomba au waya. Kiko umbali gani na uzio, Shemeji?

Shangazi: Kimeuegemea uzio.

Mjomba: Basi jirani ana hoja, ila si hiyo aliyoitaja. Unaweza kukisogeza, au kuomba ruhusa maalumu ya kutofuata umbali huo. Ruhusa hiyo hutolewa kwa mwenye ugumu unaotokana na umbo la kiwanja chenyewe, si kwa kuwa kukihamisha kibanda ni usumbufu.

Shangazi: Kwa kweli ni usumbufu tu. Nitakisogeza.

Dada: Mjomba, nina njia nyingine yoyote kando ya kukata ukuta?

Mjomba: Ipo. Unaweza kukirudisha chumba kiwe stoo kama zamani, na huo nao ni uondoaji wa ukiukaji ikiwa mkaguzi ataukubali kwa maandishi. Vyovyote utakavyochagua, ving'amuzi vya moshi ni lazima: kimoja ndani ya kila chumba cha kulala, kimoja nje ya vyumba hivyo karibu na milango, na angalau kimoja kila ghorofa, chini ya ardhi ikiwemo, vyote viunganishwe ili kimoja kikilia vilie vyote. Mwishoni dai barua au chapisho linaloonyesha kwamba ukiukaji umefungwa, uiweke pamoja na hati ya nyumba. Na kwa usiku wa leo nina ombi moja tu, nalo halihitaji kibali cha mtu yeyote: kijana asilale kule chini.

Dada: Nimekuelewa, Mjomba. Kesho saa 3 asubuhi nitampigia mkaguzi.

Dada: Godoro limeshapanda sebuleni. Mwenyewe analalamika kwamba taa ya barabarani inampiga machoni.

Kaka: Naleta pazia.