Irene Adler alimshinda Sherlock Holmes bila bosi. Huyu Moriarty mmemtoa wapi?

Wakuu, habari za usiku. Mods, tafadhali uzi huu msiuhamishie kwenye vichekesho, leo sina hata chembe ya kucheka.

Jumamosi nilikuwa na binti wa kaka yangu, kamaliza form six, anasubiri chuo. Nilimpa kile kisa cha mpelelezi Sherlock Holmes na yule mwanamke wa picha, kakisoma mara mbili, kakipenda kupita kiasi. Akaniuliza, "Shangazi, hiki hakina muvi?" Nami nikajitia mjuzi. Nikaenda kwa kijana anayerusha muvi pale stendi, buku mbili, akanijazia flashi. Tukakaa na bisi zetu.

Haijapita nusu saa, Irene Adler huyo anaingia sebuleni kama alivyozaliwa. Natafuta rimoti, kumbe iko chini ya mto, na mto kaukalia binti. Haya, hilo nimelimeza, wote ni watu wazima. Kilichonikera ni mwisho. Irene yuko Karachi, kapigishwa magoti, anasubiri kukatwa kichwa. Halafu mwenye panga anafunua uso: ni Sherlock, kaja kumwokoa.

Binti akanigeukia: "Shangazi, si huyu ndiye aliyeshinda?"

Nilikosa jibu. Ndiyo maana niko hapa saa sita usiku namwaga povu.

Kwa wasiokijua, kisa kilitoka Julai 1891 kwenye jarida la Strand, mwandishi Arthur Conan Doyle. Mfalme wa Bohemia anakuja London kavaa kinyago, jasho linamtoka. Miaka ya nyuma alikuwa na mwimbaji wa opera, Irene Adler, mzaliwa wa New Jersey, na wakapigwa picha pamoja. Sasa anataka kuoa binti wa kifalme, picha ile inamkosesha usingizi. Kashatuma watu mara tano: wezi wamepekua nyumba mara mbili, mizigo imepotezwa njiani mara moja, na mara mbili mama wa watu kaviziwa barabarani. Picha haikuonekana. Ndipo anamfuata Holmes.

Tuliosoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla mchezo huu tunaujua: mmoja ana kiko na akili, mwenzake, Najum, anashangaa kwa niaba yetu sote. Raha ya kisa hiki ni kwamba safari hii anayeishia kushangaa ni mwenye kiko.

Holmes anajigeuza mchungaji wa kanisa, anapanga ugomvi mlangoni, anajifanya kaumia, anaingizwa ndani. Watson, rafiki yake anayesimulia visa hivi, anarusha moshi dirishani, watu wanapiga kelele za moto. Irene anaruka hadi picha ilipofichwa, na Holmes anapaona. Kwisha, kashinda, si ndiyo? Anarudi nyumbani Baker Street amevimba kichwa. Yuko mlangoni anatafuta funguo, anapita kijana mwembamba kajifunika koti, anamwambia, "Usiku mwema, Bwana Sherlock Holmes." Holmes anajiuliza sauti ile kaisikia wapi.

Ni Irene. Kamstukia, kapanda juu, kavaa nguo za kiume, kamfuata hadi mlangoni kwake mwenyewe, kamsalimia kwa jina. Asubuhi saa mbili, Holmes na mfalme wanafika kuchukua picha, wanakuta mtumishi mzee anawaangalia kwa kejeli. Mama kaondoka na treni ya saa kumi na moja na robo alfajiri. Pale pa kufichia kuna picha yake yeye peke yake na barua. Anamwambia Holmes kwamba yeye kafunzwa uigizaji, mavazi ya kiume si kitu kigeni kwake, mara nyingi huyavaa kwa ule uhuru yanaompa. Ile picha nyingine anabaki nayo. Hataitumia, ila mfalme akijaribu tena kumdhuru atamkuta nayo.

Mfalme anajikuna: sikitiko langu ni kwamba hakuwa wa hadhi yangu! Holmes anamjibu kwa ubaridi kwamba kwa alivyomwona, kweli huyu mama ana hadhi tofauti kabisa na ya mtukufu mfalme. Mfalme anamvulia pete ya zumaridi, Holmes anaikataa, anaomba ile picha ya Irene. Mfalme ananyoosha mkono, Holmes anageuka kama hakuuona. Na katika kisa kingine cha mwaka uleule Holmes anakiri kwamba kashindwa mara nne maishani, mara tatu na wanaume, mara moja na mwanamke.

Sasa nionyesheni Moriarty, yule profesa mhalifu, adui mkubwa wa Holmes, yuko wapi humo. Hayumo! Moriarty kaingia kwenye visa hivi Desemba 1893. Irene anapanda treni yake, Doyle mwenyewe alikuwa bado hajamtunga huyo profesa. Lakini kila anayeshika kamera siku hizi anaona haiwezekani mwanamke akamzidi Holmes akili bila kuwa na mwanaume anayemnong'oneza.

Muvi ya 2009, Rachel McAdams ndiye Irene. Irene ni mwizi hodari, sawa, lakini bosi ni Moriarty, na anamwogopa hadi anatetemeka. Kabla muvi haijaisha kashafungwa minyororo kwenye machinjio ya nguruwe, anasogezwa kwenye msumeno, na mkombozi mnamjua. Ya 2011 ndiyo imeniumiza zaidi. Kaonekana dakika chache tu, Moriarty anamwambia umempenda Holmes, huna kazi tena kwangu, na chai aliyokunywa ina sumu. Anadondoka mgahawani. Kilichobaki ni kitambaa chake, Holmes anakitupa baharini, muvi inaendelea na wanaume wake. Kwenye muvi zetu za zamani tulikuwa tunasema stelingi hafi. Huyu hata ustelingi hakupewa, kapewa leso.

Halafu hii ya BBC ya Januari 2012 niliyomwonyesha binti, kisa wamekihamishia zama hizi za simu. Nusu ya kwanza Irene wa Lara Pulver anamchezesha Sherlock kama mdoli, nakubali, nilifurahi. Kumbe mbinu zote za kumchezea Sherlock na kaka yake Mycroft kapewa na Moriarty, anasema mwenyewe. Na anaanguka kwa nini? Kwa sababu kapenda. Mwanamke aliyejitambulisha kwamba hana haja na wanaume, Sherlock anamshika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo ya moyo, na siri yote inafunguka, hadi neno la siri la simu ni jina la Sherlock. Simu yenye siri za nchi nzima! Mwanamke mwenye akili ile aweke jina la anayemfukuzia kama msichana anayechora moyo kwenye daftari. Kisha analia kuomba ulinzi. Kisha Karachi.

Kwenye kisa cha asili Watson kaandika ukurasa wa kwanza kabisa kwamba Holmes hakuwa na mapenzi kwa Irene. Irene naye ana mwanasheria wake, Godfrey Norton, kaolewa naye mchana, Holmes yupo kanisani kavaa kama mtunza farasi, akaombwa awe shahidi na akatunukiwa sarafu ya dhahabu. Mapenzi kati ya hawa wawili hayakuwepo hata kwa dawa.

Wamarekani wa tamthilia ya Elementary angalau walithubutu. Msimu wa kwanza, uliomalizika 2013, Irene ndiye Moriarty mwenyewe, hana bosi, na anayemnasa ni Joan Watson, mwanamke pia. Nikapiga makofi. Nikatulia, nikawaza: amenaswaje? Joan kagundua kwamba anampenda Sherlock, wakamtegea hospitalini, akaja. Penzi tena! Hawana mtego mwingine?

Msidhani ni la Irene tu. Mary Morstan, mke wa Watson, ambaye Holmes alimsifia kwamba angeweza kufaa sana kwenye kazi ya upelelezi, BBC wakamfanya muuaji wa kukodiwa, na 2017 akajirusha mbele ya risasi iliyomlenga Sherlock. Napita haraka, nitapasuka.

Nataka kusimama kwa Miss Marple, yule bibi mpelelezi. Riwaya ya Agatha Christie ya 1957, ile ya treni ya Paddington, ina wanawake watatu. Bi McGillicuddy, mtu mzima, anaona kwa macho yake mwanamke akinyongwa kwenye treni inayopita sambamba, polisi hawapati maiti. Rafiki yake Marple anamwamini, anakaa na ramani na ratiba za treni, anakokotoa maiti ilitupwa wapi. Miguu haimruhusu tena kupanda tuta la reli, anamkodi Lucy Eyelesbarrow, msomi wa hisabati wa Oxford aliyeamua kufanya kazi za nyumbani kwa sababu kaona ndiko kwenye pesa. Lucy anajifanya anacheza gofu huku anatafuta maiti. Mhusika mtamu kama nini!

Muvi ya 1961, Margaret Rutherford ndiye Marple: Bi McGillicuddy hayupo, Lucy hayupo. Marple anaona mwenyewe, anatafuta mwenyewe, anajiajiri jikoni mwenyewe. Mtasema basi kapewa nguvu zaidi. Subirini. Baada ya kufuta wanawake wawili wakaongeza nani? Bwana Stringer, mkutubi, mwanaume ambaye Christie hajamwandika popote, awe msaidizi wake. Aliyemwigiza ni mume wa Rutherford. Nampenda Rutherford, ananichekesha hadi machozi, lakini hesabu hiyo ifanyeni wenyewe.

Na televisheni ya ITV ya Uingereza walipomrudisha Marple 2004 wakaona bibi asiyeolewa lazima awe na maelezo, wakamtungia mpenzi mwanajeshi, mume wa mtu, aliyefia vitani. Bibi wa watu hawezi kuwa na akili tu na kufuma sweta zake.

NIMERUDI, nimeona majibu.

Unayesema "zama zimebadilika": ndiyo, ila nenda uone zimeelekea wapi. Doyle alipinga hadharani wanawake kupewa kura. Mtu wa namna hiyo, 1891, alimwacha mwanamke ashinde aende zake. Ninyi wa 2012 mmemrudisha apige magoti.

Unayesema kitabuni naye kaondoka na mume: kweli, na hoja yako nimeiheshimu. Lakini Norton kamchagua mwenyewe, na hakuna hata sentensi moja Norton anapomfundisha la kufanya. Aliyevaa koti la kiume na kutoka usiku ni yeye.

Unayesema "ni muvi tu dada": pita, uzi mwingine uko juu.

Nasikia ile ya runinga ya 1984, Holmes akiwa Jeremy Brett na Irene akiwa Gayle Hunnicutt, imefuata kisa. Mimi niliiona zamani nusu, umeme ukakatika akiwa ndiyo kwanza anavaa koti. Mwenye nayo, yenye maandishi chini, aniambie inapatikana wapi kihalali. Yule kijana wa stendi anasema hiyo hana, ila ana ya 2011 yenye picha safi.