Msaada wa haraka: Samaki wa bahari wana madoa meupe, shaba naweka kiasi gani?

Mzee wa Tangi (Jumanne, saa 12:10 asubuhi)
Wakuu salaam. Sijalala. Nina tangi la samaki wa maji ya bahari, lita 350 hivi. Kuna kangaja wa bluu mmoja, vitatange wawili, nemo wawili na kikande mdogo. Wiki iliyopita kangaja alitoka madoa meupe kama kamwagiwa chumvi, akawa anajisugua kwenye mawe. Siku ya nne madoa yakaisha, nikamshukuru Mungu. Juzi yamerudi mara tatu ya yale ya mwanzo, na sasa hata vitatange wanayo. Nimesoma mtandaoni dawa yake ni shaba. Swali langu ni moja tu: lita 350 unaweka kiasi gani? Wenye uzoefu tafadhali, matani tuweke pembeni.

Chumvi Nyingi
Chumvi tayari imeshaingia? Bado ndimu na pilipili tu mkuu. Ugali naleta mimi.

Ngosha Halisi
Kangaja si yale machenza madogo? Sisi wa bara tusaidieni, tusije tukachangia mada ya matunda.

Mama Tatu
Kangaja ni samaki pia, na ana kisu pale shinani mwa mkia. Alimchana mume wangu kidole Kigamboni, tukaenda kushonwa nyuzi tatu. Na yule nesi alivyocheka! Eti "umepigana na samaki baba?" Mpaka leo mume wangu hataki kusikia jina hilo.

Pwani Kaskazini
Bwana, kabla ya kiasi nijibu mambo matatu. Mle ndani mna nini kingine? Matumbawe, mchanga, kamba, konokono, kiti cha pweza? Shaba yenyewe ni ipi? Na una kipimo cha kuipima? Nimefanya kazi miaka sita huku Kilifi kwa watu wanaosafirisha samaki wa mapambo kwenda nje. Usiweke kitu kabla hujajibu.

Mzee wa Tangi
Mawe yapo, ya kawaida tu. Naomba kiasi mkuu, hayo mengine tutaongea.

Binti Sayari
Mimi naomba kuuliza kwa upendo. Bahari iko hapo hapo, Mungu kaiumba kubwa, wewe unamfungia kiumbe kwenye kioo ili wageni wasifu sebule yako. Na hayo mawe umeyatoa wapi? Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, matumbawe ya kule hayaguswi. Warudishe walikotoka.

Ngosha Halisi
Dada, ukimrudisha na ugonjwa wake atawaambukiza wenzake.

Pwani Kaskazini
Madoa hayo ni mdudu, na mdudu huyo katoka huko huko baharini. Ila baharini akimuacha samaki anaanguka chini, na wanawe wakitoka samaki yuko mbali. Kwenye tangi watoto wanatoka na chakula kiko pale pale juu yao. Ndiyo maana madoa yalipoisha siku ya nne haikuwa kupona. Walikuwa wameshiba, wakashuka mchangani kujifunga kwenye vifuko na kugawanyika. Doa moja linaleta mamia. Shaba haimuui aliye kwenye ngozi ya samaki wala aliye kwenye kifuko. Inamuua yule mtoto tu, anapoogelea kutafuta samaki. Ndiyo maana ni kazi ya wiki nne, si ya siku moja. Sasa nijibu maswali yangu.

Machame Kwetu
Mnapoongea shaba mnanikumbusha mbali. Kwetu tunaijua kama mrututu, yale mawe ya bluu yenye shaba. Babu alikuwa anauchanganya na chokaa kwenye pipa, anapulizia kahawa kuzuia kutu ya majani, mgomba wa jirani unageuka bluu na sisi watoto tunageuka bluu. Ng'ombe akioza kwato, mrututu. Mtu akiwa na kidonda sugu, mrututu, na alikuwa analia huyo mtu! Sijui habari za samaki, ila ile kitu babu hakuwahi kukadiria kwa jicho. Alikuwa na mizani ya duka kwa ajili yake tu.

Mzee wa Tangi
Huyu wa Machame ndiye amenielewa. Kwa hiyo mrututu na dawa ya shaba ya dukani ni kitu kimoja, si ndiyo?

Pwani Kaskazini
Mbona umeuliza hivyo? Umeshaweka?

Pwani Kaskazini (saa 2:40)
Mzee wa Tangi, nakuona uko hewani.

Mzee wa Tangi (saa 3:15)
Sawa. Niliweka jana saa tano usiku. Ila msinirukie, sikubahatisha. Nilisoma kwamba shaba inatakiwa iwe miligramu 2 kwa lita, na inaruhusiwa mpaka 2.5. Mrututu robo yake ndiyo shaba. Lita 350 mara 2 ni miligramu 700, kwa hiyo mrututu gramu 2.8. Nusu kijiko cha chai, nikakipapasa kisawazike. Hesabu nilipiga mara mbili. Kama nimekosea nionyesheni wapi.

Na ndiyo, kuna kamba wawili na kiti cha pweza. Kamba mmoja tangu alfajiri kalala ubavu, miguu inapiga makasia lakini haendi popote.

Mama Tatu
Jamani kamba wa watu.

Pwani Kaskazini
Hesabu yako iko sawa kabisa, na hapo ndipo msiba ulipo. Hiyo 2 mpaka 2.5 ni ya shaba iliyofungwa, zile dawa za chupa ambazo shaba imeshikwa na kemikali nyingine ili iachiliwe polepole. Mrututu ni shaba huru. Kiwango chake ni 0.15 mpaka 0.20, basi. Umeweka mara kumi. Kwa tangi lako kipimo kilikuwa kama robo gramu, ambayo hata kijikoni huioni.

Tena hata hiyo robo gramu haiwekwi tangi lenye mawe na mchanga wa matumbawe. Mawe yale ni chokaa. Yanainywa shaba, leo ukipima unaikuta imeshuka, unaongeza, kesho yanaanza kuitema. Sisi tulikuwa tunatibia kwenye tangi tupu: kioo, sponji ya chujio, na vipande vya bomba la plastiki samaki wajifiche. Shaba inagawanywa, leo kidogo kesho kidogo, na kipimo asubuhi na jioni. Kamba, konokono, kiti cha pweza na matumbawe hai shaba haiwapi nafasi. Hao kwao ni sumu moja kwa moja.

Mrututu wenyewe ulikuwa fuwele au unga? Nauliza kwa sababu zipo dawa za kilimo za shaba zilizochanganywa na viuakuvu vingine, hiyo itakuwa kesi tofauti.

Mzee wa Tangi
Vipande vya bluu kama chumvi ya mawe. Ulikuwa stoo kwenye kopo la maziwa, wa bustani ya nyanya.

Sasa nisaidie hivi: nikiweka mkaa kwenye chujio si utavuta? Sitaki kuwatoa samaki, wataumia zaidi na msukosuko.

Chumvi Nyingi
Mkaa upo, kamba wapo. Mimi nimesema tangu mwanzo.

Pwani Kaskazini
Mkaa wa chujio husaidia kidogo. Mkaa wa jikoni utakuachia majivu. Watoe samaki. Msukosuko wa neti ni dakika, shaba iko kwenye matamvua yao muda huu. Kwa nini hutaki?

Mzee wa Tangi
Wana mazoea na tangi lao.

Pwani Kaskazini
Ndugu yangu.

Mzee wa Tangi (saa 4:02)
Tangi si langu. Ni la bosi. Yuko India kwa matibabu, anarudi Jumamosi. Sebuleni kuna kamera, anatuangalia kwenye simu. Hata hiyo jana niliweka kwa sababu umeme ulikatika nikajua kamera imezima. Nikiingia na neti na mabeseni atapiga simu hapo hapo. Na huyo kangaja ndiye anayempenda, anamwita jina la marehemu mama yake.

Binti Sayari
Kumbe. Uongo mmoja unazaa mwingine. Ungempigia simu siku ya kwanza tu usingefika huku.

Shahidi Namba Moja
Nimekaa kimya nasoma, sasa naomba kuuliza wenzangu: hamsikii harufu ya tangawizi? Umeme umekatika kwa wakati unaofaa. Kamera imezima. Mrututu ukapatikana stoo, kwenye nyumba yenye tangi la mamilioni. Bosi yuko India, kangaja ana jina la marehemu. Na gizani kijiko umekisawazisha vipi? Hii ni chai ya maziwa kabisa, imeungwa hiliki. Weka picha.

Ngosha Halisi
Mimi nilishtuka kwenye hesabu. Mtu mwenye presha hapigi hesabu za miligramu.

Mama Tatu
Mimi naamini. Nimefanya kazi za ndani miaka minne Mikocheni. Kuna nyumba ukivunja glasi unajua bei yake kabla haijafika chini. Mtu wa hivyo anapiga hesabu vizuri kuliko mhasibu, tena gizani.

Mzee wa Tangi
Tochi ya simu niliishika mdomoni. Picha siweki, sebule ile inajulikana. Chai au si chai, kamba wa pili naye kaanguka, na kiti cha pweza ncha ya mkono mmoja imekuwa nyeupe na laini kama ute wa yai. Samaki wote saba bado wazima.

Shahidi Namba Moja
Saba! Asubuhi walikuwa sita. Kangaja mmoja, vitatange wawili, nemo wawili, kikande. Hesabu zako za mrututu haziyumbi ila samaki wanazaana kwenye sumu. Moderata, funga uzi.

Mzee wa Tangi
Kuna bunju mdogo. Anakaa nyuma ya jiwe, wiki nzima sikumwona, nikajua kafa ndiyo maana sikumtaja. Leo katoka. Yuko juu juu anavuta pumzi.

Pwani Kaskazini
Mtu wa kutunga asingemkumbuka bunju. Na kama katunga, basi kuna mwingine atakayesoma hapa kesho akiwa na kijiko mkononi, kwa hiyo mimi naendelea. Bunju hana magamba, shaba inamchoma mapema. Atoke wa kwanza.

Umeme ulirudi saa ngapi? Pampu ikisimama na shaba iko ndani, samaki anakabwa mara mbili.

Mzee wa Tangi
Saa saba usiku.

Pwani Kaskazini
Basi sikiliza, na uzuri bahari unayo karibu. Nenda na madumu ufukweni maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, hasa kama mvua imenyesha. Tafuta mabeseni mawili makubwa ambayo hayajawahi kuguswa na sabuni. Weka kipampu cha hewa na bomba la kujificha. Wahamishe wote leo. Maji ya beseni badilisha nusu kila siku, maana bila chujio lililokomaa uchafu wao wenyewe utawaua kabla ya mdudu.

Kila baada ya saa 72, usizidishe, wahamishie beseni la pili lenye maji mapya. La kwanza lisugue, lianike juani likauke kabisa, na neti pia. Fanya hivyo mara nne. Mdudu akidondoka chini anabaki kwenye beseni ulilomwaga, hapati muda wa kuwarudia. Hapo hujatumia shaba hata chembe.

Ila kwanza mwangalie kangaja. Kama ngozi ina vumbi la dhahabu badala ya madoa, anahema mbio na kukimbia mwanga, huo ni ugonjwa mwingine. Unaua kwa siku mbili tatu, na mabeseni peke yake hayatatosha.

Mzee wa Tangi
Ni madoa. Nayahesabu, pezi la kulia kumi na moja. Nimetoka kwenda Kunduchi.

Machame Kwetu
Hayo maji yenye mrututu usiyamwage mtaroni kaka. Wala kwenye nyanya. Udongo ukishaula haurudishi. Shamba la babu mpaka leo kuna kona maharage hayataki.

Mzee wa Tangi (Jumatano, saa 3:30 usiku)
Mrejesho. Samaki wako chumba cha mfanyakazi kwenye mabeseni. Bunju kafa njiani, mkononi mwangu kabisa, kajaza tumbo hewa halafu akalegea. Kiti cha pweza kimemeguka. Wengine sita wapo. Kangaja jioni kamega mwani kidogo, mapezi kayafungua.

Tangini nimebadilisha maji nusu mara mbili. Swali la mwisho: pale Kunduchi vijana wanaokota viti vya pweza, nimeona kimoja rangi ile ile. Nikikiweka Ijumaa bosi hatagundua, si ndiyo?

Pwani Kaskazini
Nusu mara mbili kutoka 2 ni 0.5, bado ni mauti kwa kiti cha pweza. Na mawe hayo yameshakunywa, yatatema miezi. Usiweke kiumbe. Samaki nao wasirudi sasa hivi. Vifuko vya mdudu vimeonekana kuchelewa kupasuka mpaka siku 72, sisi tunahesabu 76 tangi likiwa halina samaki.

Mzee wa Tangi
Siku 76?? Jumamosi zimebaki siku tatu tu!

Mama Tatu
Mwanangu mpigie. Mwambie wanaumwa umewalaza wodini. Si uongo.

Shahidi Namba Moja
Sijasema naamini. Ila bosi akisema neno uje utuambie.

Mzee wa Tangi (saa 4:50 usiku)
Kapiga yeye. Kauliza mbona kwenye kamera samaki hawaonekani. Nimemwambia wamelala.

Chumvi Nyingi
Siku 76? Hao si samaki tena mkuu, hao ni watu wa pangoni.