Msaada: mtihani wa historia ya Marekani baada ya 1945, vitu vinanichanganya

Mtoto_wa_Kambi:
Shikamoni wakubwa, wenzangu mambo. Nipo Iowa darasa la 11, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka minne iliyopita. Ijumaa ijayo tuna mtihani wa historia, kuanzia mwisho wa vita ya pili mpaka Nixon, nusu ya maksi ni insha. Nimeandika kadi 94 za miaka na majina, zingine nimebandika hadi kwenye friji mama analalamika, ila nikiulizwa "kwa nini" natoa macho tu. Marshall, MacArthur, McCarthy naona wote mtu mmoja. Wenzangu babu zao walipigana Vietnam, hizi habari wanazisikia mezani, mimi nyumbani sina wa kumuuliza. Nianzie wapi?

Mwl_Chaki:
Marahaba mwanangu. Weka kadi pembeni kwanza. Marshall alikuwa waziri wa mambo ya nje, mpango wake wa 1948 ulipeleka kama dola bilioni 13 kuijenga upya Ulaya magharibi ili njaa isiwasukume watu kwa wakomunisti. MacArthur jenerali wa Marekani kwenye vita ya Korea, Truman kamfuta kazi Aprili 1951 kwa sababu alitaka vita ifike China na akawa anampinga rais hadharani. McCarthy seneta wa Wisconsin, 1950 akadai ana orodha ya wakomunisti walio ndani ya wizara ya mambo ya nje, hakuthibitisha chochote, watu wakapoteza kazi, hadi 1954 alipoumbuka kwenye vikao vilivyooneshwa kwenye televisheni. Nyuma ya wote watatu kuna hofu moja, hofu ya ukomunisti, ndo "kwa nini" yako ya kwanza hiyo.

Dereva_wa_Lori:
Mwalimu kasema vizuri ila insha mi ningeanzia kwenye nyumba. Mwanajeshi anarudi 1945, ile sheria ya 1944 inamlipia chuo na kumdhamini mkopo wa nyumba, 1947 kule Levittown, New York, wanaanza kujenga nyumba kwa maelfu, zinafanana kama mayai, kila kundi la mafundi lina kazi yake moja likimaliza linahamia nyumba ya pili. Sasa soma mkataba wao wa mwanzo, ulisema nyumba isikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Yaani mweusi aliyepigana vita ileile aliruhusiwa kuingia humo kufagia tu! Hapo iliniuma sana nilipojua. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini watu weusi wa Montgomery, Alabama, waligomea mabasi yaliyowabagua siku 381, walikuwa wameshachoka kitambo.

Dada_Maktaba:
Mdogo wangu kadi usitupe, zimwage sakafuni uzipange kwa marais: Truman, Eisenhower, Kennedy, Johnson, Nixon. Halafu tafuta kadi zinazogusa hofu ya mwalimu na nyumba ya dereva kwa pamoja, maana maksi ziko hapo. Mfano mji wa Little Rock, Arkansas, 1957, Eisenhower anapeleka wanajeshi ili wanafunzi tisa weusi waingie shule ya wazungu waliyozuiwa, na kwenye hotuba yake anakiri kabisa kwamba maadui wa Marekani wanafurahia aibu ile. Au 1961, balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikataliwa huduma mgahawani Maryland, barabara namba 40, akielekea Washington. Unaishawishi Afrika isiende kwa Warusi huku balozi wake unamnyima kahawa?

Mtoto_wa_Kambi:
Asanteni sana jamani, nimekaa sakafuni hadi saa sita usiku. Nimeandika hivi: "Baada ya 1945 Marekani iliahidi uhuru dunia nzima, na watu weusi wakaidai ahadi hiyo nyumbani." Lakini Vietnam naiingizaje hapo?

Mwl_Chaki:
Sentensi nzuri sana, usiiguse. Vietnam ingia nayo kupitia Johnson: Julai 1964 anasaini sheria ya haki za kiraia, Agosti bunge linampa ruhusa ya kutumia jeshi baada ya tukio la ghuba ya Tonkin, pale meli za kivita za Marekani ziliposemekana kushambuliwa na Vietnam Kaskazini. Mwezi mmoja tu umepita. Kufikia 1968 wanajeshi kule wamezidi nusu milioni, na pesa za kupambana na umaskini zinaliwa na vita. Martin Luther King alilisema hilo waziwazi tarehe 4 Aprili 1967 kanisani New York, mwaka mmoja kamili kabla ya kuuawa. Andika aya hiyo leo uilete hapa, nitaisoma jioni.