Vishikwambi vya walimu vimelala kabatini. Wakuu wenzangu, mlianzaje?

Mwalimu Mkuu, Kibosho
Habari za jioni, na shikamooni mlionitangulia kazini. Naongoza shule ya msingi huku juu Kibosho, Moshi Vijijini. Nimeripoti kituoni Januari. Siku ya makabidhiano nilifungua kabati la chuma ofisini nikakuta vishikwambi kumi na kimoja, vile vya Sensa ya Agosti 2022 vilivyokuja kugawiwa walimu. Vimepangwa vizuri, vingine bado vina nailoni kwenye kioo. Viwili vimevimba mgongoni. Kabati lina kufuli mbili.

Niliuliza kikaoni. Kimya. Mwisho mwalimu wa darasa la tatu akasema, "Mkuu, tuliambiwa kikivunjika tunakatwa mshahara. Nani akichukue?" Mwalimu huyohuyo ana watoto 54 na vitabu saba vya sayansi. Darasa lake ni kati ya yaliyotangulia kuingia mtaala mpya Januari 2024, na vitabu vya kiada vipo bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu. Kitabu anachokililia kingekuwa mkononi mwake, kimezuiwa na kufuli. Hilo linaninyima usingizi.

Umeme tunao, ila masika ikishika unakata hata siku mbili. Mtandao unapatikana ukisimama chini ya mparachichi nyuma ya jiko. Ruzuku mnaijua wenyewe. Nigawe tu kesho asubuhi, au kuna pa kuanzia?

Mstaafu, Tengeru
Marahaba mwanangu. Usigawe kesho. Kwanza ondoa ile hofu, na uiondoe kwa maandishi. Itisha kikao, mkubaliane ajali ni ipi na uzembe ni upi, iingie kwenye muhtasari, kila mmoja asaini. Kikidondoka darasani mtu anafundisha, hiyo ni ajali ya kazini. Kikiibiwa, polisi na barua kwa mwajiri siku hiyohiyo. Mwalimu akiona saini yako iko juu ya yake, atakichukua.

Halafu ingia darasani nacho wewe mwenyewe. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilifundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, kwa kishikwambi mbele ya walimu wangu wote. Nilibonyeza pasipo, picha ikapotea, kijana wa ajira mpya akaja kunionyesha. Kuanzia siku ile waliacha kuficha wasichokijua. Mkuu anayeagiza teknolojia akiwa ofisini hapati kitu.

Fundi, Sakina
Mkuu, hivyo viwili vilivyovimba USIVICHAJI. Betri ya lithiamu ikivimba ina gesi ndani, ikitobolewa au ikipata joto inashika moto. Vitoe leo kwenye hilo kabati lenye makaratasi, viweke pakavu peke yake, uandike taarifa vikaguliwe. Vilivyobaki vichaji mchana mkiwepo, si usiku kucha. Kikikaa bila kazi kiache na chaji nusu, maana betri ikilala sifuri miezi inakufa.

Mtandao usikusumbue. Shuka mjini mara moja, pakua vitabu, weka kwenye memori kadi, walimu warushiane kwa Bluetooth. Bando halihitajiki tena. Baadaye ukipata kompyuta hata ya zamani, tafuta Kolibri. Ni programu ya bure, masomo yanakaa ndani ya mashine na vishikwambi vinayasoma kwa waifai ya humohumo shuleni bila intaneti.

Mama wa wawili, Majengo
Mwalimu, msitusahau wazazi. Shuleni kwa mwanangu tulichanga tukanunua projekta, haijawashwa tangu mahafali. Na mtoto akirudi nyumbani kusema "mwalimu alikuwa anashika simu", mimi nawaza anachati. Tuambieni kwenye kikao cha wazazi hicho kifaa ni cha nini. Mkituonyesha tutawatetea.

Mwalimu Mkuu, Kibosho
Narudi baada ya wiki tatu. Asanteni sana, na Mzee wa Tengeru Mungu akubariki. Muhtasari umesainiwa, wangu ukiwa wa kwanza. Vilivyovimba vimetoka. Kati ya tisa vilivyobaki, vimewaka saba. Vitabu nilipakua Moshi mjini siku ya soko, nikavirusha stafuruumu wakati wa chai.

Juzi nilikaa dawati la nyuma darasa la tatu. Somo lilikuwa sehemu za mmea. Mwalimu alikuza picha ya mzizi mpaka vile vinyweleo vikaonekana, akapita dawati kwa dawati, akisubiri kila watoto watatu waangalie vizuri. Mtoto mmoja akatoka mbio, akarudi na mche wa maharage umeng'olewa na udongo wake, akauweka kando ya kioo wakalinganisha. Kipindi kilizidi dakika kumi na sikugonga kengele.

Mama wa Majengo, kikao cha wazazi ni Ijumaa ijayo, na mwalimu huyo ameomba afundishe kipindi kilekile mbele yao. Fundi, nahitaji ekstensheni ya matundu sita isiyoungua. Ninunue ya aina gani?