MJADALA: Spea za Land Rover za zamani hazishikiki. Tuchonge wenyewe, tuweke injini za Toyota, au tuziache ziende?

Mtoa mada, Arusha

Wakuu, habari za jioni. Naandika haya shafti iliyokatika ikiwa mezani mbele yangu, mnivumilie nikiwa na uchungu kidogo.

Nina Land Rover Series IIA 109, ile ndefu, ya mwaka 1968, niliachiwa na mzee wangu. Wiki mbili zilizopita napandisha mlima kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, nikasikia mlio mmoja mkavu nyuma. Injini inanguruma, gari halisogei. Mnaozijua hizi gari mshajua ni nini. Ile shafti ya nyuma yenye meno kumi, inayozungusha gurudumu, imekatika palepale inapoingia kwenye difu. Nikakandamiza kile kitasa cha njano, magurudumu ya mbele yakashika, nikageuza, nikarudi Arusha mdogo mdogo kwa nguvu ya mbele peke yake.

Shida imeanza dukani. Shafti niliyonunua laki tatu na nusu mwaka 2019 leo naambiwa laki nane, tena ya kuagiza. Nikaulizia ya mtumba. Nikapelekwa uani, mtaa wa Unga Limited, kwenye 109 nyingine iliyokwisha kuchunwa: haina milango, haina gia boksi, chasisi imekalia mawe. Bodi inamsubiri mtu wa aluminiamu aje kuipima kwa kilo, ikayeyushwe iwe sufuria. Mwenye gari alishindwa bei ya gia boksi, akaliuza kama skrepa. Nilisimama pale nikashindwa hata kuuliza bei ya shafti. Niliona kabisa kwamba ili langu litembee, la mwenzangu lazima life, na kesho zamu ni yangu.

Tusiwalaumu wenye maduka tu. Series III iliacha kutengenezwa 1985, na Defender ya zamani ikakoma Januari 2016. Spea nyingi sasa zinatoka viwanda vidogo vinavyotengeneza kwa mafungu madogo, na wateja wao wakubwa wako Uingereza na Marekani. Kule Marekani gari likishatimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, kwa hiyo Land Rover za kizamani zinatafutwa sana na watu wenye dola. Boksi moja la spea tunaligombania sisi na wao. Weka na usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 18, na ule uhaba wa dola wa mwaka 2023 tunaoukumbuka wote.

Oktoba 2024 tulikusanyika hapa Arusha kwenye tamasha la Land Rover. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuvuka magari 1,000 na kuipita rekodi ya Ujerumani ya msafara wa Land Rover 632. Nilikuwa kwenye msafara, na nilipotazama nyuma nikaona foleni isiyo na mwisho, machozi yalinitoka. Sasa tujiulize: tamasha kama lile likirudiwa baada ya miaka kumi, mangapi kati ya yale yatafika kwa magurudumu yake?

Msimamo wangu ni kuchonga hapahapa. TEMDO, shirika la serikali, ipo Arusha tangu 1980, na kazi yake ni usanifu wa mitambo. Kilimanjaro Machine Tools, kiwanda cha mashine, ipo Hai. Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha vijana ukerezaji. Mtu mmoja akipeleka shafti moja atatozwa bei ya kazi ya kipekee. Tukienda ishirini na mchoro mmoja, mazungumzo yanabadilika.

Karibuni, semeni ukweli wenu.

Fundi, Sakina

Pole sana mkuu. Niko chini ya hizi gari mwaka wa 22 sasa. Nakuunga mkono, ila kuna jambo umeliruka: chuma. Nimeshaletewa shafti iliyochongwa kwa chuma laini cha kawaida, meno yamejisokota kama kamba ya katani, na gari halijafika hata Makuyuni. Shafti inataka chuma kigumu, EN24 kwa mfano, na kipitishwe kwenye moto kitaalamu. Ukiletewa shafti ya bei chee, muulize aliyechonga chuma kimetoka wapi. Akibabaika, iache.

Na kuna hela mnazimwaga bure. Beringi usiinunue kwa jina la Land Rover. Ioshe kwa dizeli, ifute na kitambaa mpaka uone namba iliyopigwa kwenye ukingo, nenda duka la beringi na namba hiyo. Ni beringi ileile inayofungwa kwenye mashine nyingine. Oili sili vilevile, chukua vipimo vitatu: tundu la ndani, mzunguko wa nje, unene. Nimewaokolea watu hela nyingi kwa kalipa tu, kile kifaa cha kupimia.

Breki siwaruhusu mchonge. Lainingi tutagonga, lakini masta silinda, ile pampu kuu ya breki, nunua mpya hata kama itakuumiza.

Mwenye magari ya utalii, Njiro

Nitasema lisilopendwa. Land Rover yangu moja nimeifunga injini ya dizeli ya Toyota, 1HZ, na sijutii. Spea zake nazipata mpaka Karatu, fundi yeyote anaijua, na wageni wangu hawalali porini. Wanasema nimeua historia. Gari lililosimama chini ya mwarobaini miaka sita likisubiri pistoni kutoka Uingereza, hiyo historia inamsaidia nani? Badilisha injini, rekebisha namba ya injini kwenye kadi, gari liishi. Shafti ya asili kwa gari la kazi ni anasa.

Mama wa 504, Moshi

Jamani, naona mmekalia Land Rover tu. Mimi nina Peugeot 504 ya marehemu mume wangu hapa Soweto, Moshi. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na lilikuwa likiunganishwa hapo jirani Kenya. Nyie mna bahati, bado mnaagiza. Mimi taa ya nyuma tu, kioo chake chekundu, nimeitafuta miaka miwili. Kioo cha taa hakichongwi kwa mashine ya chuma, kaka zangu. Katika huo umoja wenu mtukumbuke na sisi wa magari yasiyo na tamasha.

Kijana, Ngarenaro

Shikamooni wakubwa. Mnajadili spea kana kwamba gari kila mtu analo. Dalali akishajua ni la zamani anataja bei ya mzungu. Mimi najua kukereza, nimesomea, lakini hakuna mwenye gari aliyewahi kuniletea kitu zaidi ya bushi. Mkituachia magari yenu tukajifunza juu yake, tutakuwepo. Mkiyafungia, mtakapoondoka yatapimwa kwa kilo kama lile la Unga Limited.

Mtoa mada

Marahaba mdogo wangu, umenigusa pabaya. Ni kweli, langu sijawahi kumruhusu kijana yeyote aliguse.

Fundi, la chuma nimelipokea, na la breki sibishani nalo. Kaka wa Njiro, gari lako ni la kazi na mgeni wako lazima alale kitandani, nakuelewa. Ninachokuomba ni kimoja: ile injini ya asili uliyoitoa usiiuze skrepa. Ipake grisi, ifunike, iweke stoo. Kama huna nafasi, nipigie nije na kirikuu niichukue mimi.

Mama yangu wa Moshi, kioo cha taa kinaweza kumiminwa kwa plastiki tukipata hata kipande kilichopasuka cha kutolea umbo. Usikitupe ulichonacho.

Jumatatu napeleka vipande vyote viwili vya shafti vikapimwe na kuchorwa. Mwenye IIA au Series III fupi, ile 88, aandike hapa chini anahitaji ngapi, ya kushoto au ya kulia maana urefu haufanani. Kijana wa Ngarenaro, saa tatu asubuhi nitakupitia twende wote, wewe ndiye utakayeshika kalipa.