Jarida letu limesomwa Unguja na Pemba, na limekufa kwa kukosa wanunuzi

Assalaamu alaykum ndugu zangu,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mwezi uliopita tulilifunga jarida la kila mwezi ambalo mimi na wenzangu watatu tulilitoa kwa miaka mitatu kutoka chumba cha kukodi Michenzani, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika kwa watu wanaouliza toleo jipya litatoka lini. Karibu wote wanaouliza hawakupata kulinunua hata mara moja.

Bei yake ilikuwa shilingi 2,000. Tulilichapisha Dar es Salaam, likifika bandarini Malindi kwa boti, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limekwisha kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuzagaa katika makundi ya WhatsApp, wakati mafurushi ya Pemba bado hayajapakiwa kwenda Mkoani. Nilimwomba msimamizi wa kundi moja kubwa aache mwendo huo, akanijibu kwamba yeye anaisaidia jamii kupata habari na kwamba mchoyo ni mimi. Neno hilo limenikaa kifuani hadi leo.

Basi nieleze habari inavyopatikana, kwa kuwa naona wengi mnadhani inaokotwa. Ile makala ya maji ya chumvi yanayoingia katika mabonde ya mpunga Pemba, ambayo mliisambaza mkihimizana kuisoma, ilimchukua mwandishi wetu siku tisa. Alipanda boti, akalala katika nyumba za watu, akazungumza na wakulima walioyaacha mabonde waliyorithi kwa wazee wao, akatembea nao hadi pale bahari ilipofika, kisha akarudi mara ya pili kwa sababu mzee mmoja aliyakana maneno aliyonukuliwa na ilikuwa lazima tuhakikishe. Bado tuliiondoa aya nzima usiku wa mwisho, aya iliyokuwa nzuri kuliko zote, kwa kuwa ilisimama juu ya shahidi mmoja tu. Kazi hiyo haifanani na kunakili taarifa iliyoletwa na ofisi fulani na kubadilisha kichwa cha habari.

Wenye matangazo nao wametuumiza. Hoteli moja ya ukanda wa kaskazini ilitangaza katika matoleo manne ikalipia moja. Ofisi moja ilitaka ukurasa mzima, ukatoka, na kila nilipokwenda kudai niliambiwa kwamba ankara bado haijasainiwa.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba tatizo ni sheria, nami nakubali kwamba sheria ni tatizo. Sheria ya Zanzibar Namba 5 ya mwaka 1988 ya usajili wa magazeti ilitungwa wakati wa chama kimoja, nayo sheria mpya ya huduma za habari ya mwaka 2016 ilikuwa ya Bara, haikutugusa. Gazeti la Dira lilianza mwishoni mwa mwaka 2002 na Serikali ikalifungia Novemba 2003, na nakumbuka uchungu uliokuwapo barazani Jaws Corner, kule Mji Mkongwe, jinsi jina la mhariri wake, Ali Nabwa, lilivyokuwa mdomoni mwa kila mtu. Lakini Dira lilikufa kwa amri. Jarida letu hakuna waziri aliyeligusa. Tumeliua sisi wasomaji, na sijasikia baraza hata moja likilalamika.

Wala msiniambie kwamba visiwa hivi ni vidogo mno. Kiungani, hapa Unguja, palikuwa pakichapwa jarida la Msimulizi kwa Kiswahili tangu mwaka 1888, na katika miaka ya 1950 mji huu ulibeba Al-Falaq, Mwongozi, Afrika Kwetu na Samachar kwa wakati mmoja. Yalikuwa magazeti ya ubishi, mengine yakichochea zaidi ya kuarifu, na si yote ninayoyapenda, ila kila moja lilikuwa na watu walioona kwamba ni lao na wakalibeba. Leo, kwa sensa ya mwaka 2022, tuko watu 1,889,773, na tumeshindwa kupata elfu mbili wa kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Simsemi mkulima wa Micheweni asiye na senti, ambaye kwa ajili yake tulikuwa tukipeleka nakala za bure maskulini. Namsema mwenye mshahara, anayechangia harusi ya mtu asiyemjua bila kuombwa mara mbili, na ambaye kila wiki ananunua kifurushi cha intaneti kwa pesa taslimu ili asome juu yake jarida aliloibiwa mwenzake. Kampuni ya simu umeilipa, ndugu yangu. Mwandishi aliyelala siku tisa Pemba hukumlipa.

Tunadaiwa na mchapishaji, na nauli ya mwandishi huyo hatujamrejeshea. Matoleo ya nyuma yapo, yamefungwa kwa kamba chumbani kwangu, na bei ni ileile. Anayetaka aje achukue na alipe, na anayejua kwamba analo deni la tangazo alete. Rambirambi sizihitaji.